Mguu Wako Ukae Wapi?

Sina desturi ya kumsifu mwanamume. Yule niliyempa sifa zangu zote alizikunja akaondoka nazo, na chache zilizobaki nazitunza kama chumvi wakati wa mvua. Lakini huyu Fundi nitamwandika, kwa sababu nikinyamaza watasema wengine, na hao wengine hawajui.

Fundi anashona viatu, ila si vya kupanga dirishani. Anawashonea watu ambao dukani hawapati: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye unyayo uliopinda ndani, aliyekatwa vidole kwa ugonjwa wa sukari, aliyeungua utotoni. Zamani alikuwa kiwandani, anagonga soli za viatu vinavyofanana tangu asubuhi mpaka king'ora kilie. Siku moja alitumwa kupeleka mzigo dukani akamkuta baba mmoja ananunua jozi mbili za kiatu kilekile, moja kubwa na moja ndogo. Yule baba akavaa cha kulia kutoka boksi hili na cha kushoto kutoka boksi lile, vilivyobaki akaviacha juu ya kaunta, akaenda zake. Fundi husema alivitazama vile viatu viwili akaona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeviharibu. Kiwanda kilipofungwa wenzake walilia. Yeye alichukua nyundo na msharasi wake wa kutobolea ngozi akaenda kutafuta chumba.

Alipata viwili, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Unapita katikati ya mabomba na mabati, unainama kidogo mlangoni, umefika. Chumba cha mbele kina benchi la wateja, cherehani yangu, na meza yake ambayo gundi imekauka juu yake tabaka kwa tabaka. Cha nyuma kina kalibu za mbao zenye umbo la mguu zilizoning'inizwa kwenye misumari, meza ya kompyuta, na feni inayolalamika. Katikati pana pazia.

Pazia hilo ndilo sheria ya karakana. Mguu haupimwi mbele za watu. Mteja anaingia na Fundi peke yake, na kabla hajavua kiatu anaulizwa, "Mguu tuuite nani?" Jina lake mwenyewe halitakiwi. Achague lolote. Kuanzia hapo mguu una jina lake na mwenyewe ana lake, na hayo mawili hayakutani. Hata mimi ninayeshona ngozi ya juu ninaletewa karatasi iliyoandikwa Nanasi, au Spika, au Kasuku. Bwana mmoja mfupi wa maneno alitaka uitwe Fundi. Fundi akamwambia, "Kaka, hilo lina mwenyewe, tutagombana nani alipe kodi." Yule bwana alicheka mpaka akasahau kuona aibu, akachagua Dafu.

Mimi nilikuja hapa kama mteja. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi tangu kuzaliwa. Mume wangu aliujua kabla ya kunioa. Nilimwonyesha mwenyewe, maana sikutaka maneno baadaye. Maneno yalikuja vilevile. Alipopata mwenye miguu sawasawa hakuondoka kimya. Alipita kwa ndugu na majirani akisema kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtaa mzima ukawa unanitazama chini kwanza, ndipo unitazame usoni. Fundi aliponiuliza mguu tuuite nani, nikamwambia Shubiri. Akaandika bila kuinua kichwa. Alipojua naweza cherehani akaniuliza kama nataka kazi. Darasani sikukaa. Kusoma nilijifunzia kwenye maboksi ya viatu na vitabu vya wanangu, na kwake hilo halikuwa jambo.

Watu wana midomo, wamesema mengi juu yangu na yeye. Ni mgane, nami nimeachwa, basi wakaona hesabu imekamilika. Ananiita Dada na ni dada kweli. Tunagombana kama ndugu: yeye anapenda redio, mimi napenda kimya. Anakula huku anafanya kazi, namwambia siku moja atameza msumari, ananijibu kwamba atakuwa amepata chuma mwilini.

Sasa nije kwenye kompyuta. Mwanzoni michoro ya miguu ilikuwa kwenye karatasi, imefungwa kwa kamba. Paa likavuja, karatasi zikawa uji. Ndipo mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyemlea kama wake, akaleta kompyuta ambayo ofisini kwao walikuwa wameichoka. Huyu mpwa tunamwita Mtaalamu, kwa utani na kwa heshima pia, maana kazi yake ni hizo hizo kompyuta. Akamfundisha mjomba wake kupiga picha unyayo, kuandika vipimo, kuhifadhi chini ya jina la mguu. Mambo yakanyooka.

Lakini karakana ya viatu ina vumbi lake. Ukisugua soli kwa msasa, vumbi linapanda, linatafuta pa kulala. Lililala ndani ya kompyuta. Asubuhi moja ikawaka, ikakohoa, ikazima. Fundi wa kompyuta, mama mmoja mcheshi mwenye duka ghorofani juu ya soko, aliifungua akapiga mluzi. "Mzee, hii si kompyuta, ni mto wa kulalia." Aliokoa mingi, baadhi ya miguu ikapotea. Kati ya iliyopotea ulikuwamo wa Kasuku, mwalimu mstaafu ambaye siku hizo hata kutoka kitandani ni safari. Ilibidi aletwe upya kupimwa, amebebwa na wanawe wawili mikononi kama meza. Alitania njia nzima. Ila alipokuwa nyuma ya pazia nilimsikia anaguna kwa maumivu, na Fundi anasema, "Nisamehe, mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu alipoondoka, Fundi hakuwasha redio. Alikaa, akasema, "Dada, haitatokea tena. Mtu asiyeweza kutembea hawezi kuja kupimwa mara mbili kwa uzembe wangu."

Ndipo ukaanza mjadala wa wapi miguu ikae.

Mtaalamu alisema iwekwe mtandaoni, kwenye wingu. "Mjomba, huna haja ya kuhangaika na mashine. Kuna kampuni zinatunza. Kompyuta ikiungua, ikiibwa, paa likivuja, miguu yako ipo. Unaifungua hata kwenye simu."

"Ipo wapi?" nikamuuliza.

"Mtandaoni, mama mdogo." Kwa kuwa mjomba wake ananiita dada, yeye ananiita hivyo.

"Kila kitu kina nyumba. Hiyo nyumba ni ya nani?"

Akacheka, lakini alinijibu kwa adabu. "Ni kompyuta za watu wengine, mbali, kubwa na nyingi. Tunapanga humo."

"Na mpangaji akichelewa kodi?"

"Wanafunga."

"Haya. Umesikia, Fundi? Wanafunga."

Mama wa kompyuta naye alikuwa na lake. Alitaka tununue sanduku dogo la kuhifadhia, lenye diski mbili ndani, moja ikifa nyingine inaendelea. Likae chumba cha nyuma, limefunikwa vumbi lisiingie, na betri ya kulishikilia umeme ukikatika. "Unalipa mara moja, ni lako. Intaneti iwepo isiwepo, wewe unafanya kazi." Halafu akasema ukweli ambao wauzaji wengine huumeza: "Ila mwizi akilibeba, amebeba miguu yote. Na moto haujui diski ya kwanza wala ya pili."

Fundi aliwasikiliza wote wawili kama anavyosikiliza mguu, ameinamisha kichwa upande. Akasema atafikiri. Mimi nilisema sina cha kufikiri, chako kikae kwako. Akaniambia, "Dada, wewe hata sufuria huazimishi." Ni kweli, na nina sababu.

Mtaalamu hakungoja. Simtukani kwa hilo, alikuwa na huruma na mjomba wake. Aliona kwamba mjomba akiendelea kufikiri, kompyuta itakufa tena, kwa hiyo akachukua nakala ya picha zote akaiweka mtandaoni kwa muda, kwa majaribio. Kufungua akaunti ya karakana kulitaka hatua nyingi, akaona ya nini, akatumia akaunti yake mwenyewe, ileile inayotunza picha za harusi yake na za watoto wake. Alikuwa anajua kazi yake vizuri. Alifanya tu kile ambacho sote tunafanya kwa mtu wa nyumbani: vitu vya mjomba na vyangu, tofauti iko wapi?

Jumapili moja yeye na mkewe walitualika chakula. Walikuwa wamehamia nyumba mpya, vigae vinang'aa, kapeti nene. Viatu vyote vilibaki mlangoni isipokuwa vyangu na vya mama mkwe wake. Mimi niliomba radhi, nikasema bila viatu mgongo unaniuma. Mama mkwe, mwanamke mnene, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru, alisema tu kwamba vigae vinampa baridi, na nani angebishana naye? Nilivitazama viatu vyake nikayatazama macho yangu mwenyewe kwenye kioo cha kabati, maana niliijua mishono ile. Niliishona mimi. Karatasi yake iliandikwa Twiga. Ukimwona alivyo mfupi utajua alichagua jina akiwa na furaha. Hakunisalimu kama mtu anayenijua, nami sikumsalimu hivyo. Ndivyo inavyotakiwa.

Ukutani palikuwa na runinga pana kama mlango. Mtaalamu alituambia kwa fahari kwamba isipotazamwa inaonyesha picha za familia yenyewe, inazitoa mtandaoni. Tulikula huku harusi inapita, mtoto anaota jino, mtoto anaoga. Halafu ukaja mguu.

Ulijaa ukuta mzima. Unyayo uliopinda, wenye mfupa uliotokeza. Watu wakadhani ni mzaha. Ukafuata mwingine, umeungua. Watoto wakapiga kelele za raha. Shemeji mmoja wa Mtaalamu akasema, "Jamani, tunaonyeshwa bucha?" Kicheko kikaanza. Ukaja mguu mpana, mfupi, usio na vidole viwili, kovu limekunjika pale vilipokuwa, na Mtaalamu mwenyewe, ambaye alikuwa bado hajaelewa anachokiona, akasema, "Huyu ni mamba, si mtu."

Nyumba nzima ikacheka. Mama mkwe alikuwa anakunywa maji. Hakuacha kunywa. Aliendelea kunywa hata bilauri ilipokwisha.

Nilimwona Fundi anasimama. Si msemaji mbele za watu, huwa hata salamu ndefu zinamchosha. Alikwenda akasimama mbele ya runinga, mguu umemzidi pande zote, akasema:

"Huo mguu ni wangu."

Sasa msomaji, kumbuka viatu vilibaki mlangoni. Fundi alikuwa amesimama juu ya kapeti pekupeku. Kila mtu aliteremsha macho akaitazama miguu yake: mizima, vidole vyote, imekaa pale kama mashahidi wa upande wa pili. Uongo haujawahi kuwa uchi kiasi hicho. Mtoto mmoja akaanza, "Lakini babu, wewe una..." Mama yake akamziba mdomo.

Fundi akarudia, pole pole, "Ni wangu. Mnaucheka mguu wangu."

Kicheko kilikufa chenyewe. Maana mtu hasemi uongo wa wazi hivyo bila sababu, na kila mmoja mle ndani alianza kuipata. Mguu una mwenyewe. Huenda mwenyewe ana masikio. Huenda yuko karibu. Mtaalamu aliruka akachomoa waya ukutani, uso umempauka. Kwenye kimya kile ilisikika sauti ya mama mkwe: "Mwanangu, niongezee wali. Au wageni wakila mara mbili hapa mnawafukuza?" Mkewe Mtaalamu akakimbilia jikoni, na mazungumzo yakarudi yakichechemea.

Mimi nilikuwa nimeishika sahani yangu kwa nguvu. Wangu haukufika kwenye ukuta. Ulikuwa kwenye foleni.

Kesho yake Mtaalamu alikuja karakana kabla ya kazi. Alikuwa ameshazifuta picha zote huko mtandaoni. Alipiga magoti kabisa. "Mjomba, nilitaka kukusaidia."

"Najua," alisema Fundi. "Inuka, gundi itakushika suruali."

"Ni mguu wa nani, mjomba? Nimwombe radhi."

"Ni wangu. Nilishakuambia."

Mimi sikuwa na upole huo. Nilimwambia Mtaalamu yaliyonijaa, mengine yalikuwa ya mume wangu lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alivumilia. Kisha nikamgeukia Fundi. "Nunua sanduku, miguu ikae humu, mlango ufungwe. Yameisha."

Fundi alikuwa anaokota vipande vya ngozi chini. "Hayajaisha. Nikiifungia humu na moto ukaja, Kasuku atabebwa tena. Nikiipeleka huko na mtu akaiona, nimevunja pazia. Nimefikiri mpaka kichwa kimeota kutu. Halafu nikaona nafikiria vitu vya watu. Miguu si yangu, Dada. Nitawauliza wenyewe."

"Wote?"

"Wote."

"Biashara gani inauliza wateja wake kompyuta ikae wapi?"

"Hii," akasema.

Basi akaanza kupiga simu. Mtaalamu alijitolea kusaidia kwa simu yake, nikamwambia airudishe mfukoni, humo mna majina ya ukoo mzima, akipiga namba jina litajitokeza. Fundi alipiga mwenyewe, kwa maneno yaleyale kwa kila mtu: picha za miguu zilitoka nje kwa kosa letu, zimefutwa, nakuomba radhi, sasa kuna sehemu mbili za kutunza, hii ina faida hii na hatari hii, ile ina hizi, mguu wako ukae wapi? Wapo waliokasirika, na wawili walisema afute kabisa, hawarudi. Hilo lilimuuma, nilimwona. Spika alisema peleka mtandaoni, mimi nasafiri sana. Dafu alisema, "Hata ukiuweka gazetini, mradi kiatu kisinibane." Kasuku alicheka kwenye simu mpaka akakohoa: "Uweke kila mahali, kijana. Mimi kubebwa tena sitaki, yule mwanangu mkubwa ana mikono migumu."

Mama wa kompyuta alileta sanduku, na siku ya kuliunganisha Mtaalamu aliomba ruhusa ofisini akaja kusaidia, anatambaa chini ya meza na nyaya mdomoni. Alikuwa anafungua pia akaunti ya karakana yenyewe, kwa wale waliosema ndiyo, iliyotengana na kila kitu chake. Ndipo mlango ukaingia giza kidogo. Alikuwa ni mama mkwe wake.

Mtaalamu alitoka chini ya meza akajigonga kichwa. "Shikamoo, mama! Umenifuata mimi? Nyumbani kwema?"

"Marahaba. Kwema. Nimemfuata Fundi. Nilipigiwa simu."

Niliona jambo linavyomwingia Mtaalamu, taratibu, kama maji kwenye ngozi kavu.

Fundi alishika pazia. "Karibu huku ndani, mama."

"Leo hapa panatosha." Akakaa kwenye benchi, akavua kiatu, akaunyoosha mguu wake katikati ya chumba. "Mkwe wangu, ulimwona mamba ukutani. Njoo umwone hapa. Ni mdogo zaidi."

"Mama..." Alichuchumaa pale pale sakafuni, nyaya mkononi, macho chini, na chini ndiko mguu ulikokuwa. "Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe ukinieleza. Huyu Fundi alinieleza kwenye simu lakini kulikuwa na kelele. Hilo wingu ni nini hasa? Polepole. Mimi si mtoto wa shule."

Akamweleza. Sijawahi kumsikia Mtaalamu akieleza hivyo, bila kuruka, bila maneno ya kujionyesha. Alimwambia ni mashine za watu wengine, kwamba wanaweza kufunga, kwamba funguo ni maneno ya siri na mtu akiyapata ameingia. Alimwambia pia sanduku linaweza kuungua. Hakuuza chochote.

Mama mkwe akamgeukia Fundi. "Na wewe ukifa?"

Fundi akacheka. "Mama, umekuja kunipima jeneza?"

"Najibiwa kwa maskhara. Wewe ukifa mguu wangu haufi siku hiyohiyo. Atakayenishonea ataupata wapi?" Akavaa kiatu. Mtaalamu alimfungia kamba, naye akamwacha afunge. "Weka kote kuwili. Ila funguo asikae nazo huyu."

"Hapana, mama," akasema Mtaalamu. "Ni za mjomba."

"Na za mwingine mmoja, maana wazee husahau." Akanitazama mimi kwa mara ya kwanza tangu tujuane, uso kwa uso. "Huyu anayeshona."

Nilisema sijui mambo hayo. Fundi akasema utafundishwa, na jambo likapita kana kwamba nimekubali.

Mama mkwe alipokwenda, akisindikizwa na mkwewe mpaka barabarani, amemshika mkono, Fundi aliketi kwenye meza ya kompyuta. Alikuwa amebakiza mmoja ambaye hakumpigia simu.

"Na wako, Dada? Ukae wapi?"

Nilikuwa nimelijua jibu tangu mwanzo. Nikasema ukae humu, kwenye sanduku, chumba cha nyuma. Huko mbali usiende. Moto ukija, nitapimwa upya, nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu.

Mtaalamu alikuwa amerudi mlangoni, akasikia. "Mama mdogo, lakini akaunti hii sasa ni salama, ningekuonyesha tu faida..."

"Ameshasema," Fundi akamkatiza.

Akageukia kazi yake. Nimeishi kwenye ndoa, nimeishi kwa wakwe, nimekaa mbele ya wazee wa usuluhishi, wanaume tupu, na sikumbuki hata mara moja mtu akinisemea hivyo, ameshasema, na wengine wakaacha. Nikavuta kiti kwenye cherehani. Jozi ya pili ya Twiga, aliyotuachia siku hiyo, ilikuwa inahitaji ngozi mpya.